Wageni Wasioripoti kwa Balozi

Kosa langu la kwanza Nyarugusu lilikuwa kulala. Nilifika jioni nikitokea Kishapu, nikala ugali kwa mjomba, nikalala. Asubuhi, kabla sijapiga mswaki, mwanamke mfupi aliyevaa koti la mvua la kiume juu ya kanga alikuwa amesimama uani akizitazama ndala zangu kama polisi anayetazama nyayo.

"Hizi za nani?"

"Za mpwa wangu, Balozi," mjomba akajibu akiwa ndani, kwa sauti ya mtu aliyeshikwa. "Kaja jana."

"Jana saa ngapi?"

"Jua lilikuwa limeshazama."

"Na sasa limechomoza. Katikati hapo alikuwa nani?"

Swali lile lilinisumbua kuliko lilivyokusudiwa. Nilikuwa nimemaliza chuo, ualimu wa fizikia na hisabati, nikisubiri ajira ambayo nayo ilionekana kunisubiri nikate tamaa. Katikati hapo nilikuwa nani? Nililifikiria jambo hilo wiki nzima huku nikiuza sururu, kamba na tochi za kichwani katika duka la mjomba.

Lakini kwanza ilinibidi nimwamkie. "Shikamoo," nikasema, nikahisi nimechelewa, nikarudia, "Shikamoo, Balozi," kisha nikahisi nimezidisha.

"Marahaba," akasema. "Hiyo nyingine itunze ya jioni."

Siku hizi sehemu nyingi balozi wa nyumba kumi ni mtu unayemkumbuka unapohitaji utambulisho ofisini. Mtaa wetu haukuwa hivyo. Nyarugusu ya Geita ni mahali pa dhahabu. Watu huja wakisikia mwamba umepatikana, huondoka wakisikia mwingine umepatikana mbele, na jirani wa Jumatatu anaweza kuwa uvumi ifikapo Ijumaa. Mahali kama hapo lazima awepo mtu mmoja anayejua nani kalala wapi. Kwetu alikuwa yeye. Nyumba zenyewe zilishazidi kumi kwa mbali, ila hakuna aliyejisumbua kubadili jina, na yeye hakujisumbua kupunguza kazi.

Hakuwa na daftari. Alisema daftari ni la mtu anayepanga kusahau. Alfajiri na magharibi alipita njia ileile, mlango kwa mlango, akihesabu viatu, akisikiliza vikohozi. Aliwajua watu kwa vikohozi. Siku moja alisimama nje ya chumba cha wachimbaji, akasikiliza, akasema, "Humo mna kifua cha mtu wa ziwani." Mlango ukafunguliwa, akatoka kijana wa Ukerewe, mikono juu.

Akishakukaripia alikulisha. Hilo wageni hawakulitarajia. Ungesimama mbele yake ukijieleza kama mshtakiwa, halafu angeingiza mkono katika mfuko wa lile koti na kukutolea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, migumu kama hukumu, pamoja na karanga. "Tafuna. Mtu akitafuna hadanganyi vizuri." Wengi waliishia kumwambia hata yale ambayo hakuyauliza.

Yeye mwenyewe hakuulizika. Alijua kila mtu kazaliwa wapi, na hakuna aliyejua yeye kazaliwa wapi. Kwetu mwanamke wa umri wake huitwa kwa jina la mwanawe, Mama fulani, na yeye hakuwahi kupata mtoto. Wageni waliojaribu adabu walimwita Mama Balozi, na hapo alisimama katikati ya njia. "Mama Balozi ni mke wa balozi. Mimi mume wangu nimemzika, alikuwa fundi baiskeli. Balozi ni mimi."

Habari za nyota niliziingia bila kujua. Jioni moja alikuwa dukani akikagua wateja, mara akainua kidevu kuelekea paa la gesti ya jirani. "Na yule?"

Nilitafuta mtu juu ya bati.

"Juu zaidi, Msomi. Yule anayeng'aa juu ya dishi la Mwenye Gesti. Kipindi cha pamba hakuwepo."

Ilikuwa Mshtarii. Nilifurahi kupita kiasi, kwa kuwa tangu nimalize chuo hakuna aliyeniuliza kitu ninachokijua. Nikamweleza kuwa ile ni sayari, kwamba sayari huhama taratibu kati ya nyota, kwamba zipo chache tu na zote zinajulikana. Nilieleza mpaka mshumaa wa dukani ukaisha.

"Kwa hiyo ni kama wauza mitumba wa mnadani," akasema. "Leo hapa, kesho Kishapu, lakini wanajulikana."

"Ndiyo, Balozi."

"Basi wapite."

Ndipo nikagundua kwamba kwa miaka mingi, akiwa katika mizunguko yake ya alfajiri na magharibi, alikuwa akiikagua mbingu pia. Aliiona kuwa sehemu ya mtaa, ile ya juu. Zile nyota tatu zilizojipanga aliziita Foleni ya Karasha, kama watu waliosimama na viroba vyao vya mawe wakisubiri mashine ya kusaga. Kilimia, lile kundi la nyota ndogo, aliliita Familia. Na ile nyota nyekundu iliyo karibu na Foleni aliiita Mpangaji Mwekundu. Nilimuuliza anawezaje kumtambua mgeni kati ya vitu vingi namna ile.

"Mgeni simjui," akasema. "Ninaowajua ni wenyeji. Anayebaki ndiye mgeni."

Nilisimama hapo nikiwaza kwamba huko duniani watu wenye darubini kubwa hutafuta nyota zenye mkia kwa njia hiyohiyo, wanalinganisha picha ya jana na ya leo na kuuliza nani kaongezeka. Nikataka kumwambia. Nikaogopa itaonekana namsifia ili nipewe michembe.

Nisimpambe kupita kiasi. Alikosea mara nyingi, na alikosea kwa sauti kubwa. Mnara wa simu ulipojengwa kilimani na kuwekwa taa nyekundu kileleni, alitangaza mtaani kwamba Mpangaji Mwekundu amepata ndugu, tena ndugu mwenye kope zinazocheza. Nilimwambia ni taa. Hakukubali mpaka umeme ulipokatika na ndugu akatoweka. "Hata nyota sasa ziko kwenye luku," akasema, akaondoka bila kuomba radhi. Ndege za abiria aliziita wahuni.

Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani, lakini alikuwa na kesi na Mamajusi. Kila Noeli alilirudia jambo hilo tukiwa njiani kurudi. "Wameona nyota ngeni, vizuri. Wakaenda kuripoti, vizuri sana. Lakini wakaripoti kwa Herode! Mtu uripoti, sawa, ila uchague ofisi."

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya Mpangaji Mwekundu. Nilimweleza siku moja kwamba nyota ile ni nzee na kubwa mno, kwamba siku moja italipuka, na mlipuko huo huitwa supanova. Itang'aa mpaka ionekane mchana, kisha itafifia na nafasi yake itabaki tupu.

"Lini?"

"Inawezekana kesho. Inawezekana miaka laki moja ijayo."

"Huyo ni mpangaji wa namna gani?" Alikasirika kweli. "Hata wa chumba cha mabanzi anakwambia mwezi ukiisha natoka."

Ningenyamaza hapo. Lakini mimi huwa naona nikiacha jambo nusu nimedanganya, kwa hiyo nikaendelea. Nikasema mwanga wake unachukua mamia ya miaka kufika kwetu. Kwa hiyo inawezekana imeshalipuka, na sisi bado hatujaona.

Balozi alitazama juu muda mrefu. "Yaani kila jioni namhesabu mtu ambaye pengine alishahama?"

"Inawezekana, Balozi."

"Na taa kaacha inawaka."

"Ndiyo."

"Msomi," akasema, "wewe ukioa, usimwambie mkeo kila unachokijua."

Sasa nifike kwa Mwenye Gesti. Huyu alikuwa mnunuzi wa dhahabu aliyejenga nyumba ya wageni ya ghorofa moja katikati ya mtaa wetu, na kwa muda mrefu yeye na Balozi walikuwa kama paka na jiko la moto. Wageni wake hawakuripotiwa. Alisema amewaandikisha kwenye kitabu chake, inatosha. Balozi alisema kitabu hakimjui mtu akikohoa. Uchaguzi wa balozi ulipokaribia, Mwenye Gesti akatangaza kugombea.

"Mtaa unakua," alisema kwenye kikao, akiwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. "Tunataka balozi wa kisasa. Mimi wageni wangu ni wawili tu, wako kitabuni na ushuru wao nimelipa. Huyu mama yetu tunampenda, lakini sasa anahesabu nyota. Juzi kauliza mnara unatoka wilaya gani."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, maana kweli aliuliza. Balozi hakucheka. Nilimsindikiza kwake, akapita milango yote bila kuhesabu kiatu hata kimoja, na hiyo haikuwa kawaida.

"Msomi," akasema, "wakininyima ubalozi, wataniita nani?"

Nilifungua mdomo kumwambia wataendelea kumwita Balozi kwa heshima, nikafikiri kwamba pengine hawatafanya hivyo, nikafikiri kwamba kunyamaza nako ni jibu. Nilipomaliza kufikiri mlango ulishafungwa.

Siku chache kabla ya uchaguzi, alfajiri, aligonga dirisha langu. "Amka. Kuna mtu."

Nilitoka na panga la mjomba. Alinitazama, akalitazama panga, akanionyesha mashariki. Juu ya lundo la mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, mahali anga ilipoanza kupauka, palikuwa na doa jembamba la mwanga, kama alama ya kidole kwenye kioo. Nilifuta miwani. Doa likabaki.

"Huyu si mwenyeji," akasema.

"Huyu," nikasema, "ni nyota yenye mkia." Kisha, kwa sababu siwezi kuacha jambo nusu, nikamweleza kwamba anayeiona kwanza huripoti kwa wataalamu, na ikithibitika hupewa jina lake.

"Jina langu? Juu kule?"

"Kama hakuna aliyetangulia."

Alijifunga kanga upya, kama mtu anayeitwa mbele. Nilitafuta kwenye simu mpaka jua likatoka. Alikuwepo aliyetangulia. Ilikuwa mashine, kamera inayopiga picha za anga bila mtu, na nyota ile ilishapewa jina la mashine hiyo pamoja na namba. Nilimweleza kwa kuzunguka sana, kama anayeleta habari ya msiba.

"Kwa hiyo ameripotiwa," akasema.

"Ndiyo, Balozi."

"Vizuri. Kazi ya balozi si kumpa mgeni jina. Kazi yake ni kuhakikisha karipotiwa." Akapiga hatua chache, akageuka. "Lakini mashine! Haina hata mtoto wa kuitiwa."

Asubuhi hiyohiyo akatangaza mtaani kwamba kuna mgeni mwenye mkia, na Jumamosi alfajiri, siku moja kabla ya uchaguzi, kila mtu atoke uwanjani amwone kwa macho yake. Nilimsihi asifanye hivyo. Nilimwambia nyota zenye mkia hazina uaminifu, zikikaribia jua huweza kuvunjika. Nilimtajia mawingu, vumbi, ukungu. Alinipa michembe ili ninyamaze.

Mtaa ulichangamka. Wachimbaji walikuja dukani kuuliza mkia umeelekea wapi, maana mzee mmoja alishawaambia kwamba mkia wa nyota huonyesha mwamba ulipo. Nikawaeleza kwamba mkia hukimbia jua, kwa hiyo alfajiri lazima uelekee upande wa magharibi. Nilidhani nimewaelimisha. Jioni nikasikia wameanza kuchimba nyuma ya choo cha shule ya msingi, upande wa magharibi, na mwalimu mkuu anamtafuta mtaalamu aliyewaelekeza.

Mwenye Gesti yeye aliwahimiza watu waende. "Nendeni wote," alisema, "hata wageni wangu watakwenda. Tukaone balozi wenu anavyoota ndoto akiwa amesimama."

Jumamosi mbingu ilifungwa. Sizungumzii mawingu mepesi. Ilikuwa kama mtu amevuta turubai kutoka Geita mpaka Kahama. Uwanja ulijaa, kulikuwa na baridi, mtendaji wa kijiji alikuja na sweta, mama lishe mmoja alikuja na birika na kuuza chai yote. Sote tukatazama mashariki. Hakukuwa na kitu. Tukasubiri. Jogoo wakawika kama wanaotucheka.

"Balozi!" Mwenye Gesti akaita. "Mgeni wako kakataa kuripoti?"

Kicheko kikazunguka uwanja mzima. Nilimtazama Balozi nikitafuta maneno ya kusema, nikiwa na matatu tofauti na yote mabaya. Lakini yeye hakuwa anatazama juu. Alikuwa anatutazama sisi. Kulishapambazuka kiasi cha kuona nyuso, na alikuwa akizipitia taratibu kama anavyozipitia nyumba, midomo ikicheza.

"Huyu wa Mama Neema," alikuwa akisema. "Huyu wa karasha. Huyu mpwa wa mjomba wake. Huyu..." Akamsogelea mwanamume mmoja aliyejitanda blanketi. "Mwangaluka, baba," akamwamkia kwa Kisukuma. "Wewe umelala kwa nani?"

Mtu yule hakuhitaji kujibu. Mwenye Gesti, kwa kuogopa kuibiwa, alikuwa amepiga mhuri jina la gesti yake kwenye kila blanketi, kwa wino mweusi, herufi kubwa kama za lori. Na watu walioamshwa kwenye baridi ya alfajiri huondoka na walichojifunikia. Balozi akamgeuza yule bwana taratibu mgongo uelekee kwa mtendaji. Kisha akaenda kwa mwingine. Na mwingine. Walikuwa wametapakaa uwanja mzima, wamejitanda ushahidi.

"Kwenye kikao ulisema una wageni wangapi?" mtendaji akamuuliza Mwenye Gesti.

"Wawili," akasema, na kwa mara ya kwanza akavua miwani.

"Wawili hao wana migongo mingi," akasema Balozi, akaingiza mkono mfukoni, akaanza kuwagawia michembe.

Uchaguzi wa kesho yake haukuchukua muda. Mikono iliyonyooshwa kwa Mwenye Gesti ilikuwa ya kwake mwenyewe na ya mpishi wake, na wa mpishi haukunyooka vizuri. Jumatatu alfajiri mawingu yalitoka na nyota ikaonekana, na mkia wake, juu ya lundo la mchanga. Hakuna aliyekwenda kuiona isipokuwa wachimbaji wa nyuma ya choo, waliotaka kuhakiki upande.

Nimefikiria mara nyingi kama alipanga. Je, alijua mawingu yatakuja? Je, aliita mtaa mzima watazame juu ili yeye apate nafasi ya kutazama chini? Nimeandaa hoja za pande zote mbili. Nilipomuuliza alisema, "Mgeni akija, unawaita wenyeji. Wenyeji wakija, unahesabu. Wewe ulitaka nifanye nini, niimbe?"

Ajira yangu ilitoka baadaye, nikapangiwa sekondari huko kwetu Kishapu. Nilipata nafasi ya kurudi Nyarugusu mwezi wa pili uliopita. Njiani niliambiwa kwamba Balozi ameacha kazi mwenyewe, macho yamepata ukungu wa uzee na anasubiri kupelekwa Shinyanga kufanyiwa upasuaji, na kwamba nafasi yake imechukuliwa na binti mwenye saluni. Nilipita saluni kumsalimia. "Hongera, Balozi," nikasema.

Akainua kitana kunizuia. "Usiniponze, kaka. Balozi yupo nyumbani kwake. Mimi huku wananiita Naibu."

Nilimkuta amekaa mlangoni, koti lilelile, giza likiwa limeingia punde. Kabla sijasema kitu nilisafisha koo kwa wasiwasi.

"Msomi," akasema.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba. Umenenepa. Kikohozi kinatoka chini zaidi." Akanitolea michembe bila kukosea mkono wangu. Kisha akainua kidevu kuelekea juu, mahali ambapo macho yake hayakufika tena. "Foleni imeshatoka?"

Nilitazama. "Imetoka."

"Familia?"

"Ipo yote."

Akashusha sauti. "Na Mpangaji Mwekundu?"

Alikuwepo, mwekundu, mahali pake. Lakini mnanijua. Nilikumbuka mamia ya miaka, mwanga ulioachwa ukiwaka, nikakumbuka kwamba kwa ukweli wa kisayansi jibu sahihi ni sijui. Nilitafuna kiazi. Mtu akitafuna hadanganyi vizuri.

"Taa yake inawaka, Balozi," nikasema.

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Sasa unaweza kuoa," akasema.

Tuliongea mpaka mbu walipoanza. Nilipoaga na kufika kwenye uzio, akaniita.

"Unalala wapi leo?"

Nilisita. Kwa mjomba kulikuwa kumejaa. "Pale gesti."

"Gesti ile?"

"Ileile."

"Naibu anajua?"

"Hapana, Balozi."

"Mpo wangapi humo?"

Nilifikiria viatu nilivyoviona kwenye korido, vingi, vya kila namna, na nikajua sitaweza kuacha jambo hilo nusu. "Wengi," nikasema.

Alinyoosha mkono gizani, akaupapasa ukuta, akafunga kanga ya juu.

"Nipe fimbo yangu," akasema, akaweka mkono begani kwangu. "Tembea polepole. Ukifika mlangoni usibishe hodi, wewe kohoa tu, nihesabu watakaoitikia."